Flipa: muchezo wa watu wote ulioingia mu nyumba za watu

Flipa ni mashini ya kuchezea kampira ka chuma. Wafaransa wanaiita flipper, Wamarekani wanaiita pinball. Ilizaliwa kama muchezo wa watu wote: mutu anaingia mu baa, anatia sarafu, anacheza, anaenda zake. Ni sawa na babifuti ya kando ya barabara: mwenye feza ya muchezo mumoja anacheza, hata kama hakuna mutu anayemujua.

Leo mambo yamegeuka. Sehemu kubwa ya flipa ziko nyumbani kwa watu: mu saloni, mu garaji, mu vyumba vya chini ya nyumba. Kule hakuna sarafu, na mwenye nyumba njo anachagua nani atacheza. Mabadiliko hayo yaliokoa flipa wakati kampuni zilikuwa zinafunga milango. Lakini yaliacha ulizo ambalo wapenzi wa muchezo huu, zaidi sana Marekani, wanajadili mupaka leo: kama mashini zote ziko nyuma ya mulango wa mutu, nani atamufundisha kijana wa kesho kucheza?

Mashini yenyewe inatumika namna gani

Flipa ni sanduku refu la mbao lenye miguu 4, na juu yake kuko kioo. Chini ya kioo kuko ubao wa kuchezea. Ubao huo umeinuka nyuma kidogo, karibu digri 6 na nusu. Kampira ni ka chuma, kipimo chake ni milimetre 27, na uzito wake ni karibu gramu 80. Muchezaji anavuta kijiti chenye resori, anakiachilia, kampira kanaruka mupaka juu, kisha kanaanza kutelemuka.

Kazi ya muchezaji ni moja tu: kukataza kampira kasianguke mu tundu la chini. Ana buto 2, moja kila upande wa sanduku. Akifinya buto, mukono mudogo ulio chini ya kioo unainuka na kupiga kampira. Kila kitu ambacho kampira kanagonga kinaleta pointi: nguzo zenye kurudisha kwa nguvu, vibao vya kulenga, milango, na barabara ndogo zenye kupanda. Kwa kawaida muchezo mumoja uko na tumpira 3 ao 5.

Mutu anaruhusiwa kusukuma mashini kidogo ili kugeuza njia ya kampira. Akizidisha anapata azabu. Ndani ya sanduku kuko kachuma kanakoning'inia katikati ya pete. Mashini ikitikisika sana, kachuma kanagusa pete, mikono inakufa, na kampira kanapotea. Wachezaji wanaita jambo hilo tilti.

Kuko jambo lingine la kujua, sababu linaeleza yote yanayofuata: flipa inaharibika kila siku. Kampira kazito kanagonga raba, balbu, waya na bobini mara maelfu. Raba zinapasuka, balbu zinaungua, vituma-umeme vinachafuka. Flipa isiyokuwa na mutu wa kuitengeneza haiwezi kudumu.

Kutoka Ufaransa mupaka Chicago

Babu ya flipa ni bagateli, muchezo wa meza ambao matajiri wa Ufaransa walipenda mu miaka ya 1700. Watu walisukuma tumpira na fimbo, tumpira tukapita kati ya misumari na kuingia mu matundu. Mwaka wa 1871, Montague Redgrave, Muingereza aliyeishi Cincinnati kule Marekani, alipata hati ya uvumbuzi kwa bagateli yenye kijiti cha resori. Kijiti kile kiko mu flipa mupaka leo.

Biashara kubwa ilianza wakati wa shida. Mwaka wa 1931, wakati uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka, David Gottlieb wa Chicago alitoa mashini ndogo ya kuweka juu ya kaunta, jina lake Baffle Ball. Bei yake ilikuwa dola 17,50. Kwa senti moja tu, mutu alipata tumpira 5 mupaka 7. Watu wasiokuwa na kazi waliweza kusahau mateso kwa dakika chache, na mwenye duka akaongeza feza kidogo. Mashini zaidi ya 50.000 ziliuzwa. Mwaka wa 1932 Raymond Moloney alifuata na mashini yake Ballyhoo, na jina la kampuni Bally lilitoka pale. Chicago ikawa muji wa flipa, na imebaki vile.

Umeme uliingia mu mashini kuanzia mwaka wa 1933. Lakini mikono ya kupiga kampira haikukuwa bado. Ilikuja mwaka wa 1947, mu mashini ya Gottlieb yenye jina Humpty Dumpty, iliyokuwa na mikono 6. Mbele ya pale, kampira kakisha kutoka, muchezaji alibaki na bahati yake na kusukuma sanduku. Kisha mikono kuja, akili na ufundi wa mutu vikaanza kuhesabika.

Miaka ya kukatazwa

Wakubwa wa miji walikuwa tayari wameamua kwamba flipa ni kamari. Mashini zingine za zamani zilitoa feza ao zawadi, na kusema kweli zilikuwa za kamari. Lakini zote zilihukumiwa pamoja. Meya wa New York, Fiorello La Guardia, alisema zinakula feza ya chakula ya watoto wa shule na zinatajirisha majambazi. Mu mwezi wa kwanza wa 1942, polisi wa New York walianza kuzikamata. Zilivunjwa na nyundo mbele ya wapiga picha, na chuma kikatolewa kwa ajili ya vita. Los Angeles na Chicago pia zilikataza.

Los Angeles ilifungua ya kwanza: mwaka wa 1974 tribinali kubwa ya California ilikata kwamba flipa ni zaidi muchezo wa ufundi, siyo wa bahati tu. New York ilifuata mwaka wa 1976. Siku ile mwandishi kijana, Roger Sharpe, aliitwa mbele ya baraza la muji. Mashini 2 zililetwa. Alicheza mbele ya wajumbe, kisha akafanya jambo ambalo wapenzi wa flipa wanalisimulia mupaka sasa: alisema mbele ya kuvuta kijiti kwamba kampira kitapita njia ya katikati kule juu. Akavuta. Kampira kakapita pale pale. Wajumbe wakaamini kwamba mukono na jicho la mutu vinaongoza muchezo, na marufuku ya miaka zaidi ya 30 ikaondolewa.

Inafaa kuona walichopigania watu wa wakati ule. Hawakuomba haki ya kuweka mashini mu saloni. Waliomba iwe mu baa, mu duka, ku stesheni, mahali mutu yeyote anapita.

Namna mashini ziliondoka barabarani

Uhuru huo haukudumu katika furaha. Mwaka wa 1978 Space Invaders ilitoka Japani, mwaka wa 1980 ikafuata Pac-Man. Michezo ya skrini ilichukua mahali padogo, haikukuwa na raba ya kubadilisha, na vijana waliipenda. Wenye baa waliona hesabu yao haraka: flipa moja inaomba fundi kila juma, skrini inaomba kitambaa cha kupangusa vumbi.

Mashini za zamani zikauzwa bei ya chini. Hapo njo mukusanyaji wa nyumbani alizaliwa kweli. Bally ilikuwa imejaribu hata mu mwaka wa 1976 kuuza flipa ndogo ya familia, mufano wa Fireball, lakini haikukuwa na nguvu ya mashini ya baa, na wapenzi walitaka ile ya kweli. Mutu aliyecheza mashini fulani akiwa na miaka 15, sasa ana kazi na nyumba, aliweza kuinunua kwa mufanyabiashara aliyekuwa amechoka nayo. Kuanzia mwaka wa 1985, watu hao walianza kukutana kila mwaka Chicago mu mukutano wa Pinball Expo, kuuziana mashini na piesi na kufundishana kutengeneza.

Muchezo uliamuka mara moja tena mwanzoni mwa miaka ya 1990. The Addams Family, iliyotoka mwaka wa 1992, iliuzwa mashini 20.270. Hakuna flipa ya elektroniki iliyouzwa zaidi. Kisha kukaja muanguko. Mwaka wa 1999, kampuni Williams, iliyokuwa imetengeneza mashini nyingi za sifa, ilifunga kazi ya flipa na kubaki na mashini za kamari. Ilibaki kampuni moja kubwa tu, Stern, kule Chicago. Kwa miaka zaidi ya 10, karibu kila flipa mupya iliyozaliwa duniani ilitoka mu mikono yake.

Wakati ule wa giza, wakusanyaji njo walinunua. Stern ilianza kutoa kila mashini kwa namna 3: ya kawaida, ambayo watu wa baa wanachukua zaidi, ya juu, na ile ya idadi ndogo, yenye namba yake, ya wakusanyaji. Mwaka wa 2011 ikazaliwa Jersey Jack Pinball. Mashini yake ya kwanza, The Wizard of Oz, ilifika kwa wanunuzi mwaka wa 2013, na wengi wao walikuwa watu wa nyumbani. Kampuni zingine ndogo zikafuata njia hiyo. Leo mashini mupya ya kawaida ni karibu dola 7.000, na ya idadi ndogo inapita dola 12.000.

Hesabu ya mwenye baa

Bei ile inaeleza juu ya nini flipa ni chache mahali pa watu wote. Mara nyingi mashini haiko ya mwenye baa. Iko ya mufanyabiashara ambaye anaiweka pale, anaitengeneza, na anagawa feza ya sanduku na mwenye baa, mara nyingi nusu kwa nusu.

Mufano ni rahisi. Mashini ya dola 7.000, muchezo mumoja dola 1, nusu inaenda kwa baa. Inaomba michezo 14.000 ili mufanyabiashara arudishe bei ya mashini. Kama watu wanacheza mara 20 kwa siku, ni siku 700, karibu miaka 2. Hapo hayajahesabiwa mafuta ya gari, raba, balbu, kioo kilichopasuka, wala siku ambazo mashini imekufa na karatasi ya «haitumike» iko juu ya kioo.

Kwa hiyo anayeweka flipa mahali pa watu wote leo, mara nyingi anafanya vile sababu anaipenda. Wengi ni wakusanyaji: nyumba imejaa, bibi amesema basi, na mashini 2 ao 3 zinaenda mu baa ya kartie.

Uzuri na ubaya wa mashini ya nyumbani

Wakusanyaji wako na neno lao la kujitetea, na liko na uzito. Bila wao, mashini nyingi za miaka ya 1950 mupaka 1990 zingetupwa. Walikusanya michoro ya umeme, wakajifunza kuunganisha waya, wakafungua atelie za kutengeneza upya plastiki, mbao na bobini ambazo kampuni zilikuwa zimeacha. Leo mutu anayefufua mashini ya miaka 60 anapata piesi, kwa sababu mupenzi mumoja mahali fulani aliamua kuzitengeneza.

Nyumbani mashini inabaki safi. Kioo kinafutwa, ubao unapakwa nta, kampira kanabadilishwa mbele kaanze kukwaruza. Mu matangazo ya kuuza, maneno «imetumika nyumbani tu» yanapandisha bei. Muchezaji pia anapata wakati wa kuelewa sheria za mashini za kisasa, ambazo ziko na hadisi ndefu na haziwezi kueleweka kwa sarafu 3. Na mutu mwenye ulemavu, mutu asiyependa kelele na pombe, ao muzazi mwenye watoto wadogo, nyumbani njo anaweza kucheza kwa amani.

Lakini mashini iliyolala inaugua pia. Raba zinakauka hata kama hakuna anayecheza. Mu mashini nyingi za miaka ya 1980 na 1990 kuko betri za kushika kumbukumbu. Zikisahauliwa, zinavuja, na maji yao makali yanakula ubao wa elektroniki. Wakusanyaji wengi wamefungua mashini waliyoacha miaka michache wakakuta kijani juu ya waya.

Muchezo wenyewe unageuka pia. Mashini ikiwekwa bila sarafu, woga unaondoka. Kampira ka kwanza kakianguka haraka, mutu anafinya buto na kuanza upya. Hakuna kilichopotea. Wengine wanasema raha inapungua pale. Mu baa, kampira ka mwisho kanaposhuka karibu na tundu na sarafu imekwisha mu mufuko, moyo unapiga. Nyumbani moyo unalala.

Tena mwenye mashini anazoea kila namna kampira kanaruka. Akitoka kwenda kucheza mahali pengine, kwenye mashini ya aina ile ile, anashangaa: ubao umeinuka zaidi, mikono iko na nguvu ndogo, tilti ni kali. Kumbe hakujifunza muchezo, alijifunza mashini yake.

Kinachopatikana mbele ya watu tu

Flipa ya baa iko na kelele, mara nyingi iko na balbu imekufa, na saa ingine kampira kananasa. Pamoja na hayo inafanya kazi 3 ambazo mashini ya nyumbani haiwezi.

Ya kwanza ni kuleta wapya. Hakuna anayenunua mashini ya dola 7.000 ya muchezo ambao hajawahi kucheza. Karibu kila mukusanyaji alianza na sarafu yake mbele ya mashini ya mutu mwingine. Watoto waliokua bila kuona flipa mu kartie hawatakuwa wanunuzi wa kesho, na kampuni zinajua hivyo.

Ya pili ni kufundisha kwa macho. Muchezaji mupya anasimama nyuma ya mujuzi, anaona namna anatuliza kampira juu ya mukono mbele ya kupiga, namna anapokeza kampira kutoka mukono mumoja kwenda mwingine, namna anasukuma sanduku bila kuamsha tilti. Orodha ya wenye pointi nyingi, na herufi 3 za jina la mutu asiyejulikana, inatosha kumurudisha mutu kesho.

Ya tatu ni haki ya kuingia. Flipa inapita kilo 100, na inaomba nafasi ya karibu metre moja na nusu kwa santimetre 70, pamoja na nafasi ya kusimama. Mutu wa chumba kimoja cha kupanga hawezi, hata kama angepewa bure. Sarafu moja ilikuwa tikiti ya maskini na ya tajiri. Nyumbani tikiti ni urafiki na mwenye nyumba, na urafiki huo unafuata kazi, kartie, umri na kama mutu ni mwanaume ao mwanamuke. Kwa muda murefu vyumba vya wakusanyaji vilijaa wanaume wa umri mumoja. Mwaka wa 2013, wanawake wa Oakland, California, walianzisha kikundi cha mashindano cha wanawake, Belles & Chimes, ambacho kimeenea mu miji mingi. Kikundi cha namna hiyo kinahitaji mahali pa wazi ambapo mutu mupya anaweza kuingia bila kualikwa.

Mashindano nayo yalirudisha watu inje. Shirika la IFPA, ambalo linapanga wachezaji wa dunia kwa namba, lilifufuliwa mwaka wa 2006. Roger Sharpe, yule wa 1976, na watoto wake 2 walikuwa kati ya waliolisimamisha. Leo orodha yake iko na wachezaji zaidi ya 100.000. Mashindano mamoja yanafanyika mu baa, mengine mu nyumba za wakusanyaji. Mukusanyaji akifungua mulango na kupokea wageni, nyumba yake inageuka kwa siku moja kuwa mahali pa watu wote. Lakini asipotangaza, mashindano yanabaki ya marafiki wanaopeana pointi, na manunguniko yanaanza.

Njia za katikati

Watu walikwisha kutafuta namna ya kushika pande zote 2, na mifano inaonyesha kwamba inawezekana.

Las Vegas kuko Pinball Hall of Fame. Tim Arnold alikuwa mwenye vyumba vya michezo kule Michigan. Alikusanya mashini mamia na kuhamia na zote Las Vegas. Mwanzo aliwaalika watu kwake ili kuchanga feza ya musaada. Mwaka wa 2006 alifungua mahali pa wazi. Kule mashini zinacheza kwa sarafu kama zamani, mulango ni bure, na feza inayobaki kisha matumizi inaenda ku kazi za huruma. Mwaka wa 2021 ilihamia mu jengo kubwa zaidi ku barabara kuu ya muji.

Alameda, California, kuko Pacific Pinball Museum. Ilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kama chumba kidogo. Kule hesabu ni kinyume: mutu analipa ku mulango, kisha anacheza bila sarafu. Watoto wa shule wanaingia kujifunza umeme na mwendo wa vitu kupitia mashini zenyewe. Budapest, Hungari, mukusanyaji alifungua mwaka wa 2014 makumbusho ya namna hiyo chini ya jengo la kawaida, na mashini zaidi ya 100. Ulaya nzima watu wanasafiri kwenda kucheza pale.

Njia ya tatu ni mikutano ya mwisho wa juma. Wakusanyaji wanapakia mashini zao mu gari, wanazipeleka mu hoteli ao mu ukumbi, na watu wanalipa mulango na kucheza siku 2 ao 3. Mashini ambayo watu 10 tu waliigusa mu mwaka muzima inachezwa na mamia kwa siku moja. Inarudi nyumbani na raba zimepasuka, na mara nyingi mwenyewe anafurahi.

Teknolojia nayo inasaidia. Tangu 2008 kuko ramani ya intaneti, Pinball Map, iliyoanzia Portland, ambapo wachezaji wenyewe wanaandika ni baa gani iko na mashini gani, na kama inatumika vizuri. Tangu 2021, mashini mupya za Stern zinaweza kutambua muchezaji kupitia telefone yake. Pointi zake za nyumbani na za baa zinaandikwa mahali pamoja, na hiyo inamupa sababu moja zaidi ya kutoka.

Pande 2 zinategemeana

Mu mabishano ya wapenzi, kila upande unapenda kusema kwamba wenyewe njo uliokoa flipa. Historia inaonyesha kwamba pande zote 2 zina haki, na kwamba hakuna moja inayoweza kusimama peke yake. Bila wakusanyaji, hakungebaki kampuni, piesi wala fundi. Bila mashini za watu wote, wakusanyaji wanazeeka bila warizi, na siku moja watoto wao watauza mashini kwa bei ya mbao, sababu hakuna anayejua kucheza.

Ndiyo maana wengi mu muchezo huu wanapima afya yake kwa jambo dogo. Hawahesabu ni mashini ngapi za namba zimeuzwa kwa saa moja. Wanaangalia kama kijana asiyekuwa na mashini, asiyejua mutu yeyote, anaweza kuingia mahali fulani mu muji wake na sarafu moja, na kukuta flipa iliyowaka na inayotumika.

Tarehe za kukumbuka

1871: Redgrave anapata hati kwa bagateli yenye kijiti cha resori.
1931: Gottlieb anatoa Baffle Ball, Chicago.
1942: New York inaanza kuvunja flipa.
1947: Humpty Dumpty, mashini ya kwanza yenye mikono.
1974: Tribinali kubwa ya California inaruhusu flipa Los Angeles.
1976: New York inaondoa marufuku.
1985: Mukutano wa kwanza wa Pinball Expo.
1992: The Addams Family, mashini 20.270.
1999: Williams inafunga kazi ya flipa.
2006: IFPA inafufuliwa, Pinball Hall of Fame inafunguliwa.
2013: The Wizard of Oz inafika kwa wanunuzi; Belles & Chimes inaanza.
2021: Mashini mupya za Stern zinaanza kuandika pointi za muchezaji popote anapocheza.